Shosho Kagure na Rundo la Kutupwa

Shosho Kagure, kama tunavyowaita mabibi huku, alinishuku tangu siku nilipombandika nyaya za kupima moyo kifuani, katika zahanati ninayofanyia kazi. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha kahawa hapa Mukurweini. Wakulima walipomwaga kahawa mbivu juu ya magunia na kuichambua, yeye hakuwa na haja na rundo zuri. Aliinamia lile la kutupwa, maana mwenye haraka hutupa hata nzuri. Wengi hawakumpenda kwa hilo.

Sasa moyo wake ulikuwa unamwangusha. Alikuwa amezimia mara mbili, mara ya pili karibu na jiko lenye moto. Alivaa kifaa chetu siku nzima, nami nikautuma mstari wa mapigo ya moyo wake kwa daktari mjini Nyeri. Jibu likaja kwamba yuko sawa, ni uzee tu.

"Moffat, ulimtumia yote?" Shosho akaniuliza.

Nikamweleza kwa madaha, kwa sababu naipenda hesabu ile. Mstari mzima ni mzito mno kwa mtandao wetu. Kompyuta huuvunja kuwa mawimbi mengi, hubakiza makubwa na kutupa madogo. Kule Nyeri wanaujenga upya kwa hayo makubwa.

"Kwa hivyo ulitupa."

"Vitu kidogo tu, Shosho. Ni mtikisiko wa waya na misuli."

"Ati kidogo. Nionyeshe hiyo kidogo."

Nilikasirika. Foleni ilikuwa imefika nje, na huyu ananifundisha kazi. Lakini kadi ya kifaa, yenye mstari wote, alikuwa ameichukua mezani na kuifunga kwenye pindo la leso, nami niliihitaji kwa mgonjwa mwingine; hakuitoa mpaka nilipokubali. Katika mstari wa asili nikaondoa ule uliojengwa upya, nikachora kilichobaki, yaani kile tulichotupa. Nilitarajia mikwaruzo isiyo na mpango. Nikaona vilima vidogo vimepangana, kimoja baada ya kingine, ukurasa baada ya ukurasa. Misuli haitikisiki hivyo. Niliogopa, kwa sababu ni mimi niliyepandisha kipimo cha mawimbi ya kutupwa ili faili ziende haraka.

Daktari alipoviona vilima hivyo alipiga simu mwenyewe. Aletwe leo leo, alisema, sehemu ya juu ya moyo inatetemeka na damu inaweza kuganda humo.

Shosho alivaa koti lake taratibu. Mlangoni akageuka.

"Na wale wengine uliowaambia wako sawa? Yao ulitupa wapi?"

Kadi zao nilikuwa nikizifuta kila jioni, zitumike kesho yake.