Fundi wa Visu na Barabara Isiyo na Gari

Ndugu yangu Musembi huendesha baiskeli kutwa nzima na hafiki popote. Usicheke, ndiyo kazi yake. Ni fundi wa kunoa visu hapa Kawangware. Baiskeli ameisimamisha kwa stendi ya chuma, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani, na mkanda wa mpira unatoka kwa hilo gurudumu mpaka kwa jiwe la kunolea alilolifunga mbele yake. Anakaa kitini, anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, anaweka kisu, cheche zinaruka. Jumanne na Ijumaa anaisukuma kwa miguu mpaka Kibera, kwa bucha za Laini Saba, na jioni anaisukuma tena kurudi. Kuipanda barabarani, hapana. Hajaipanda tangu Ndunge agongwe.

Ndunge alikuwa mke wake. Lori la mchanga lilimgonga asubuhi akivuka Naivasha Road, amebeba nguo za watu alizokuwa amefua. Musembi alikuwa upande ule mwingine wa barabara na baiskeli yake, anamngoja avuke. Aliona kila kitu. Sitalirudia hilo, na wewe usiniulize.

Baada ya mazishi tulingoja alie. Wee, tulingoja. Alirudi kazini akanoa visu. Ukimuuliza kama amekula anasema amekula, na sufuria iko vile ulivyoiacha. Ukimwambia mvua inakuja anasema sawa, na anabaki pale pale mpaka anyeshewe. Mimi nauza sukuma wiki, kibanda changu kinaangaliana na baiskeli yake, kwa hivyo nilimwona siku zote hizo. Nilimhurumia mpaka huruma ikaisha. Nikabaki na hasira, na hiyo angalau inakuamsha mapema ukaenda kutafuta mboga.

Halafu akampata mzungu wake.

Ni mzungu wa kwenye simu. Yuko Uingereza, sehemu fulani tambarare kabisa, hakuna kilima hata cha dawa, na kila wikendi anapanda baiskeli na kamera. Uso wake huuoni. Unaona usukani, glavu mbili nyeusi, na barabara. Kabarabara kembamba, lami safi, ngano upande huu na ngano upande ule, mtaro wa maji ulionyooka kama umechorwa na rula, na mbali huko mnara wa kanisa ambao anaufuata muda mrefu wee na haukaribii. Haongei. Hakuna muziki. Unasikia upepo, mnyororo, ndege. Unaweza kuangalia mpaka chai ipoe na hakuna gari hata moja limepita.

Musembi aliifunga simu kwenye usukani kwa kipande cha tyubu, juu kidogo ya jiwe, na akawa anakanyaga pamoja naye. Mzungu akikaza, Musembi anakaza na kisu kinapiga kelele. Mzungu akisimama kunywa maji, Musembi naye anasimama, na mteja anabaki amekodoa macho, kwani kisu changu kimefanya nini?

"Umefika wapi leo?" nilikuwa namuuliza, kumtania.

"Bado," anasema, na macho hayatoki kwa simu.

Watu walicheka wakazoea. Mimi ndiye sikuzoea, kwa sababu kulikuwa na Kavindu.

Kavindu ni binti yao, yuko darasa la nne, mtoto wa maneno mengi kama mamake. Akitoka shule alikuwa anakuja kukaa kwa kreti karibu na baiskeli, anaongea: mwalimu alisema hivi, fulani aliniibia kifutio, baba, unasikia? Musembi anasema nasikia. Anamfunga kamba za viatu, anamkata kucha, anamnunulia chapati. Lakini mkono unafanya na yeye mwenyewe hayuko. Mtoto anajua. Siku moja aliniuliza, "Anti, baba amekasirikia nani?" Nikamwambia hajakasirika, amechoka. Nilimdanganya mtoto wa watu mchana kweupe.

Sasa, kwetu Ukambani, mwanaume anaweza kukaa na mwanamke mpaka wazeeke pamoja, lakini kama hajapeleka mbuzi za ntheo kwa kina mwanamke zikachinjwa huko na zikaliwa, huyo mwanamke bado ni binti wa babake, na watoto ni wa huko. Musembi na Ndunge walianza kuishi pamoja kama watu wa Nairobi wanavyoanza: leo amekuja na begi moja, kesho la pili. Mbuzi zikawa za mwaka ujao. Kila mwaka, mwaka ujao. Ndiyo maana Ndunge alizikwa kwa babake, huko Masii, na Musembi alisimama kaburini kama jirani aliyekuja kutoa pole.

Babake Ndunge, mzee Urbanus, si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kumfanya. Alituma neno kwamba mke wake anamtaka mjukuu, nyumba imekuwa kimya. Lakini akasema pia: Musembi akitamka kwa mdomo wake kwamba anamtaka mtoto, alete mbuzi hata sasa, zichinjwe, na hakuna atakayemgusa Kavindu. Ni hilo tu. Atamke.

Nilikimbia huku na huku. Mjomba wetu alikubali kutoa mbuzi watatu kutoka zizini kwake, na wazee wawili wa kutusindikiza wakapatikana. Nilimpelekea Musembi hayo maneno yakiwa yameiva, abaki kumeza tu. Nikamwambia, "Mzee anakuja Jumapili. Akikuuliza, wewe sema, namtaka mtoto wangu. Maneno matatu. Hata kasuku anaweza."

"Sawa," akasema.

Jumapili mzee alikuja, akaketi kitandani kwa sababu nyumba ni chumba kimoja na viti tulikalia mkewe na mimi. Kavindu alikuwa mlangoni, amevaa gauni la kanisani. Tulikunywa chai. Mzee akauliza habari za kazi, za mvua, akafika kwa jambo lenyewe.

"Musembi, mwanangu, nataka nisikie kutoka kwako. Huyu mtoto, tufanyeje?"

Nilimwangalia ndugu yangu mpaka macho yakaniuma. Nilikuwa natamka na midomo yangu mwenyewe bila sauti: namtaka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anaangalia sakafu.

"Huko kwenu," akasema, "shule iko mbali na nyumba?"

"Hapana. Ni kukata tu shamba."

"Havuki barabara?"

"Barabara gani?" mzee akauliza. "Kuna njia ya ng'ombe."

Musembi akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi aende."

Hivyo tu. Nilidhani sijasikia. Kavindu alisikia. Alipita katikati yetu, akatoa begi lake chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo, na alikuwa anazikunja vizuri sana, kola juu ya kola, vile mamake alikuwa anakunja za watu. Nilisimama nikatoka nje nikaenda kupiga sabuni vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa.

Waliondoka naye hiyo hiyo alasiri. Musembi hakufika steji. Alibeba begi mpaka kwa kona, akampa mzee, akarudi.

Sikumsemesha tena. Alikuwa anapita mbele ya kibanda changu asubuhi, mimi nainamia mboga. Watu wakauliza, nikawaambia sina ndugu, nina fundi wa visu. Na yeye anakanyaga tu, na mzungu wake, ngano huku, ngano kule. Ukweli nitasema: hata mimi nilikuwa nimeganda. Kreti ya Kavindu ilikuwa pale tupu na niliiangalia na sikusikia chochote. Niliichukua nikawekea nyanya.

Ijumaa moja, shule zimefungwa, nilikwenda Silanga, huko huko Kibera, kuchukua mboga kwa wale wanaolima kando ya bwawa, na wakati wa kurudi nikapitia Laini Saba. Nikamkuta Musembi ameegesha mbele ya bucha ya Sifuna, karibu na reli. Visu vya bucha vimepangwa kwa gunia, na yeye yuko Uingereza. Sijui ni nini kilinipanda. Niliweka gunia la mboga chini, nikaivuta ile simu ikakatika na tyubu yake.

"Umemtupa mtoto," nikamwambia, mbele ya Sifuna na kila mtu. "Umemtupa kama maji ya kuoshea, ukarudi kuangalia mzungu. Ana nini huyu mzungu? Hebu niambie. Ana nini?"

Miguu yake iliacha kukanyaga. Jiwe lilizunguka peke yake mpaka likasimama.

"Hakuna gari inakuja," akasema.

"Nini?"

"Kwa hiyo barabara. Naangalia mpaka mwisho, Kaluki, na hakuna gari inakuja. Akifika kona najua inakuja sasa, mwili wote unajua. Anapita kona, hakuna. Kona nyingine, hakuna." Alikuwa anaongea na kisu kilicho mkononi mwake. "Kavindu alikuwa anavuka pale Naivasha Road kila siku kwenda shule. Pale pale. Mimi nilikuwa siwezi kupumua mpaka nimwone jioni. Sasa kwa babu yake kuna njia ya ng'ombe. Ulimsikia mzee."

Sifuna aliingia ndani ya bucha akajifanya anapanga nyama. Mimi nilikaa kwa gunia langu la mboga.

"Na hukumwambia," nikasema.

"Ningefungua mdomo ningemshika. Singemwachilia."

Nilikuwa na matusi mengi yamebaki na yote yakapotea. Nilitoa simu yangu nikapiga Masii, nikaweka spika. Nyanyake alishika. Tukasalimiana, ng'ombe wazima, mahindi yanaendelea. Nikamwambia Musembi anataka kuongea na mtoto. Tukasikia akiitwa, tukasikia hatua zake, kisha sauti yake mbali kidogo na simu, wazi kabisa.

"Susu, mwambie nimelala."

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama kichwani. Nilitaka kukata. Musembi alinishika mkono, na ulikuwa baridi huo mkono.

"Kavindu," akasema. "Usilale. Ni mimi."

Kuku walikuwa wanalia huko.

"Mimi nilikuwa nakutaka," akasema. "Hata siku ile. Nilikuwa nakutaka sana. Niliogopa gari, tu."

Mtoto akauliza, na sauti yake haikuwa na hasira, alikuwa tu anataka kujua:

"Basi mbona hukusema, baba? Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nangoja useme."

Musembi alifungua mdomo. Kisu kilimtoka mkononi kikaanguka mchangani, na mabega yakaanza kumtetemeka, na sauti iliyomtoka sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto. Mbele yetu walikuwa wamesimama wanawake wawili na visu vyao vya jikoni. Niliwaambia warudi baadaye.