Mwanamke wa Mtaro

Miaka ya Zaire niliandika kadi za vitu katika makumbusho madogo ya Kalemie, mize kama tulivyoiita. Ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ofisi ya utamaduni: vyungu vya kale kwenye rafu, na misalaba midogo ya shaba ndani ya kabati la vioo. Walimu walileta wanafunzi wao mara mojamoja. Watu wa mtaa hawakuja.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya umma ya lazima, tukichimba mtaro wa maji ya mvua. Jembe la jirani yangu, mama muuza samaki, liligonga chungu. Pembeni yake kulikuwa na fuvu la mtu. Wengine walikimbia. Yeye alivua kitenge chake cha juu, akafunika shimo, akanituma nimwite mkuu wangu wa kazi.

Mkuu alikuja na brashi na kamba ya kupimia. Alikuwa mtu mpole, mwenye elimu. Alipiga magoti udongoni kwa muda wa karibu saa tatu.

"Ni mwanamke, wa zamani sana," alisema. "Tutamchukua pamoja na chungu chake."

"Munamupeleka wapi, Papa?" jirani yangu akauliza.

"Mize."

"Kwenye rafu? Watoto wamuangalie?"

"Mama, hatumujui ndugu yake hata mumoja."

"Ni mimi njo nilimuamsha. Basi ndugu yake ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mkuu alinigeukia, sijui kwa nini. Nikamwambia kwamba chungu peke yake kingetutosha mize. Sikuwa nimewahi kumpinga. Aliomba daftari, akachora mifupa yote jinsi ilivyolala. Alipomaliza alisema watu wa mtaa wanaweza kumzika.

Katekista wa mtaa alisita kumwombea, kwa kuwa hakujua kama marehemu alibatizwa. Jirani yangu akamuuliza kama sala ingemdhuru. Kesho yake, baada ya misa, katekista akasoma sala fupi makaburini, bila jina.

Chungu tulikiweka chumba cha mbele. Jumapili iliyofuata wanawake wa mtaa walikuja wakiwa bado na nguo za kanisa. Walikizunguka, wakabishana kuhusu mistari ya shingoni. Mmoja, mzaliwa wa Ankoro, alisema bibi yake alichora mistari kama ile kwa kamba ya majani iliyosokotwa. Mkuu alimletea kiti na kuandika kila alichosema. Tangu siku hiyo tukawa tunafungua Jumapili, na watu walileta vitu vyao wenyewe: mawe ya kusagia, majembe ya zamani, vingine havikuwa na maana yoyote.

Barua ilitoka kwa wakubwa wetu wa Lubumbashi ikiuliza mifupa iko wapi. Mkuu alijibu mwenyewe, sikuonyeshwa jibu. Miezi michache baadaye alihamishiwa Manono. Aliniachia funguo na brashi zake, akapanda treni. Mrithi wake hakuletwa mwaka ule, kwa hiyo Jumapili niliendelea kufungua peke yangu.