Mstari wa Baba

Mlio wa pampu ya kisima ndio uliotuamsha kila siku kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, chuma kikikwaruza chuma, na wanawake wakibishana kwa Kiswahili na Kirundi juu ya nani alitangulia kuweka ndoo. Kiangazi kimoja pampu ilianza kutoa maji mekundu, kisha ikatoa hewa tu. Mama yangu, mshonaji aliyetoka Uvira, Kongo, ndiye aliyekwenda ofisini tena na tena hadi mafundi wakaja. Ulipofika uchaguzi wa kiongozi wa zoni yetu, wanawake wa kisimani wakamwomba agombee. Kwanza alicheka, halafu akakubali.

Vyama vya siasa hatukuwa navyo kambini, lakini kila jumuiya ya watu wa asili moja ilisimamisha mtu wake, na aliyeteuliwa hakupingwa na wenzake. Wazee wa jumuiya yetu walikutana kanisani wakamteua Sadoki, mwenye duka la unga. Baba, kiongozi wa kwaya, alikuwemo kikaoni. Alirudi akala, akaenda kulala. Mama hakumuuliza neno. Bwana wake angesimama wapi kama si kwake? Asubuhi ya uchaguzi alimpigia pasi shati jeupe kwa pasi ya makaa, akamnyooshea kola kwa mkono.

Tulipiga kura kwa kupanga mistari uwanjani, katikati ya vumbi. Wagombea walisimama wakitutazama, na kila mtu alikwenda kujipanga mbele ya amtakaye. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni. Nililiona lile shati jeupe likija, likampita mama kwa karibu kabisa, likasimama katika mstari wa Sadoki. Baba alitazama viatu vyake. Mama alitazama shati. Mstari wake ulikuwa mfupi, wanawake wa kisimani na vijana wachache. Ule wa Sadoki ulifika hadi golini.

Jioni mama alimwekea baba nsima, ugali wa huko Malawi, na mboga kama kawaida.

“Jumuiya ilikuwa imekata neno,” baba alisema. “Na kura yangu moja, Mama Furaha, haingebadilisha kitu. Umeona mistari we mwenyewe.”

“Nimeona,” mama alisema. “Ningeshindwa tu. Lakini ningeshindwa niko na bwana yangu.”

Miezi michache baadaye Sadoki alihamia Lilongwe na biashara yake, pampu ikaharibika tena, na wazee waliomteua wakasema wao si mafundi. Mama hakwenda tena ofisini. Tulichota maji zoni ya mbali, na baba alibeba ndoo mbili kila alfajiri bila kuambiwa.

Leo ninashona Kawale, mjini Lilongwe. Wamalawi walipopiga kura, mimi mkimbizi nilibaki na cherehani yangu. Jirani yangu alirudi na wino kidoleni, akaniambia amempa kura mtu wa chama chake, ingawa shemeji yake, ambaye yeye mwenyewe anamwona bora zaidi, aligombea bila chama. “Hatajua,” alisema. “Na kura moja ni nini?”

Nilipokwenda kambini nikamsimulia mama. Nikamuuliza kama isingekuwa afadhali nasi tungepiga kura ya siri, aendelee kuamini kwamba baba alikuwa upande wake.

Alifikiri, mkasi mkononi.

“Hapana,” alisema. “Hapo njo ningemshukuru miaka yote hii kwa kitu hakunipa.”