Siku Nilionekana Nacheka ku Maziko ya Mama Régine

Municheke tu, lakini polepole, juu hii haya ingali inanichoma uso paka leo.

Kazi yangu hapa Bunia iko kuimba: misa, ndoa, matanga, ile kuimba ya sauti nguvu yenye haiombe mikro. Pembeni nasoma muziki ya kanisa ya Wazungu ya zamani sana, mbele piano haijazaliwa, nasikiliza ku telefone paka moto ya batri inaisha (bwana yangu anasema nimeolewa na wafu). Nilijisemea ile masomo itapandisha kazi yangu. Itapandisha!

Sasa Mama Régine akafa. Ni yeye alinifundisha kupumua wakati wa kuimba, na bwana yake, Papa Anselme, ndiye anaongoza korali yetu ya kanisa. Akaniambia, "Binti yangu, umuimbie mama yako." Nikafikiri nimupe heshima kubwa, nitie ku mwisho wa wimbo ile pambo waimbaji wa zamani walikuwa wanatia mu nyimbo za huzuni: unapiga noti moja kwa koo, unairudilia ile ile, polepole, kisha mbio mbio. Ku telefone inakuwa sawa mutu analia.

Siku ya maziko, mu kanisa, niliimba muzuri, kweli, hata watu walianza kufuta machozi. Nikafika mwisho, nikafunga macho. "Ha. Ha. Ha-ha-ha-ha-ha!"

Kanisa ikanyamaza zii. Mimi na ujinga yangu nikaona imewagusa, nikarudilia, murefu zaidi.

"Anacheka?" mutu mumoja akauliza.

Nikafungua macho. Mama Adèle, dada ya marehemu, ametoka Kpandroma na machozi yake, alikuwa amesimama. "Weye! Unamucheka dada yangu mu sanduku?"

"Hapana mama, hii iko kilio ya zamani, sikiliza..." Na (Mungu anisamehe) nikamufanyia tena, pale pale mbele yake.

Hapo mabinti wa korali nyuma yangu walishindwa. Walificha uso mu vikwembe, vile vitenge walijifunga, lakini kicheko ikatoka, kicheko ya kweli sasa, na wenye kufiwa wakaanza kupiga kelele, padri ananyoosha mikono hakuna mwenye kumusikia, Mama Adèle amenikamata kwa kola ya kanzu ya korali, ananivuta paka inje.

Nikakaa chini kwa mavumbi. Papa Anselme akatoka. Nilitamani anitukane. Akasema tu, sauti chini:

"Najua haukucheka, binti yangu. Lakini nikimukumbuka mama, sasa nitakuwa nasikia ile."

Akarudi ndani kuaga bibi yake.

Tangu ile siku hakuna mutu ameniita ku matanga, na ku korali sina nguvu ya kukanyaga. Masomo sijaacha, siwezi, lakini naisomea mu chumba, mulango imefungwa. Na nimeapa: kama siku moja mwenye kufiwa ananiomba wimbo, nitaimba vile anaujua, na kama pambo inaniwasha koo, nitaimeza.