Bi Mashavu na Boila la Bwana Kamba

Wapwa zangu, mnaniona hapa Kibiti nimekaa mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, mgongo nimeipa, kahawa mkononi, mnadhani mjomba wenu ni mvivu. Hata watu wazima wamedhani hivyo. Lakini mkinisikia nimesema, "Mkanda umelegea," nendeni mkatazame: mkanda umelegea. Na mimi sijageuka. Kutoka Umwe mpaka Mahege hakuna fundi mwingine anayeijua mashine kwa kisogo. Kama huku ni kujisifu, basi nimejisifu, andikeni.

Ila ujuzi huo si wangu. Nilipewa na mchemsha chumvi, jina lake Mashavu binti Mtoro. Leo nataka kumwandika. Shuleni mnasomeshwa wafalme wa Uingereza mmoja baada ya mwingine mpaka mnasinzia, na yeye hakuna atakayemwandika nisipomwandika mimi wa darasa la nne. Darasa la tano nililionea dirishani.

Bi Mashavu ni mtu wa visiwani, huko mto wetu unakogawanyika mikono mingi kabla haujaingia baharini. Mfupi, mweusi wa kung'aa, jicho la kushoto limeingia ukungu kwa moshi wa miaka thelathini. Mume alikwenda kukata boriti za mikoko akafa kwa homa, akamwachia watoto watatu na vyungu sita. Kiangazi, maji makubwa yakisharudi, hukwangua udongo wa chumvi kwenye mbuga zilizo nyuma ya mikoko, huuchuja kwa maji katika pakacha, na yale maji makali huyachemsha mpaka chumvi ianguke. Kwa vyungu hivyo sita aliwalea watoto wote watatu, na mmoja sasa ni mwalimu wa chuo.

Sasa ajabu yake. Huwasha mioto sita, kisha huvipa vyungu mgongo, anakaa anasuka ukili wa mkeka. Mara anasema, "Cha tatu kinalia," anainuka, anakikwangua chini kwa kifuu, anarudi kwenye ukili wake. Mimi nimekaa pale saa nzima nimetega masikio yote mawili, nisisikie kitu ila kuni. Lakini nisitangulize mambo.

Mwaka wa hamsini na sita alikuja Mwingereza mpima ardhi. Tulimwita Bwana Kamba, maana kutwa alivuta kamba yake ya chuma matopeni akiandika namba. Serikali ilitaka kujua maji yanajaa mpaka wapi na yanapwa mpaka wapi, jambo ambalo bibi yeyote wa visiwani angemwambia bure. Alikuja na mkewe, na alikuja na nyumba ya matairi ikikokotwa na Landrova. Nyumba kamili, wanangu: kitanda, kabati, meza ya kukunja, na ukutani boila la umeme la kuchemshia maji ya kuoga. Nje, chini ya turubai, ilikaa jenereta ya kulipa umeme.

Bwana alikuwa anatafuta mtu wa kuangalia mitambo hiyo. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, ambacho hakikuwa kibaya, "Unajua umeme?"

Nikamjibu, "Bwana, umeme nimekua nao."

Kweli yenyewe, injini nilizijua, kwa kuwa nilikuwa utingo wa lori miaka minne. Umeme nilikuwa nimeushika mara moja tu, na siku hiyo ni umeme ulionishika mimi. Lakini kazi nikapata, na suruali ya kaki juu. Mama yangu kule Umwe alipopata habari, alizunguka nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba mwanawe Tamimu amekuwa fundi wa Serikali.

Tulipiga kambi mbele ya Mahege, pale barabara inapokatikia kwenye matope ya mikoko. Kazi yangu nyingine ilikuwa kujaza tangi la maji ya kuoga kwa madebe, kutoka mtoni. Maji ya kunywa yaliletwa na gari kutoka kisimani, hayo hayanihusu.

Wiki ya tatu, boila likaanza kulia.

Mwanzoni lilinung'unika kama mzee aliyeamshwa. Baadaye likanguruma. Mwisho likawa linagonga, gu-gu-gu, hata vikombe kabatini vikacheza. Memsahibu, mkewe Bwana, alitoka bafuni amejifunga taulo, anasema ndani mna kitu kinataka kutoka. Bwana akaniita.

"Tamimu, wewe ni fundi. Mimi navuka ng'ambo kupima, narudi Ijumaa adhuhuri. Nikilikuta linapiga kelele, nitaleta fundi mwingine kutoka Dar es Salaam, na wewe utakwenda kwenu."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kwetu ni Umwe, na Umwe yupo mama yangu na ule mdomo wake aliotangazia watu. Mnaelewa.

Nikaingia kazini. Nilikaza kila skrubu niliyoiona, nyingine nikaikaza hata ikakatika kichwa. Kelele ikabaki. Nikasema ni mtikisiko wa ukuta, nikakata mpira wa ndani wa tairi, nikauweka vipande nyuma ya boila kama mito. Kelele ikabaki, sasa imelalia mito. Nikageukia jenereta: nikasafisha plagi, nikabadilisha mafuta, nikaisogeza mbali hatua ishirini. Taa zote za nyumba ziliwaka kimya, feni ilizunguka kimya. Boila peke yake ndilo lililokuwa na maneno.

Mwinjuma, mpishi wa kambi, mtu wa Utete mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele ananitazama.

"Fundi," akasema, "labda lina njaa. Nilikorogee uji?"

"Nyamaza wewe. Kazi ya umeme haitaki kelele."

"Ndiyo hiyo, kaka, tunangoja uinyamazishe."

Alhamisi asubuhi Bi Mashavu alikuja kumuuzia Mwinjuma chumvi. Alikuja kwa mtumbwi, pakacha kichwani, miguu imejaa matope mpaka magotini. Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya nyumba, uso mweusi kwa oili. Boila lilikuwa limewashwa, linagonga. Nikamsikia anasimama.

"Mwinjuma, mwanangu, hicho chungu chako kitapasuka."

"Si chungu, mama. Hiyo ni mashine ya Mzungu. Fundi wake yule pale chini, anaiombea dua."

Nikatambaa kutoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe fundi?" Akanitazama juu mpaka chini, akamalizia kwenye miguu yangu. Akaitazama miguu kwa muda. Kisha akauliza, "Linalia likiwa baridi, au likishapata moto?"

"Likishapata moto."

"Na maji yakikaribia kuchemka?"

"Hapo ndipo linapopiga kweli kweli."

"Limeshika ukoko," akasema, akashusha pakacha. "Maji yananaswa chini ya ukoko, yanachemkia humo humo, yanatafuta pa kutokea. Chungu changu kikilia hivyo, nisipokikwangua, kinapasuka."

Nikacheka kidogo, kicheko cha kisomi. Nikamweleza kwamba hili si chungu, kwamba ndani hamna moto wala kuni, mna chuma kinachopitisha nguvu ya umeme, na kwamba haya ni mambo ya taaluma.

"Hicho chuma kinapata moto?"

"Kinapata."

"Kimekaa ndani ya maji?"

"Ndiyo."

"Basi ni chungu kilichogeuzwa nje ndani," akasema Bi Mashavu. "Maji unateka saa ngapi?"

Hapo, wapwa zangu, nikahisi jasho ambalo si la jua. Mtu aliyekaa karibu na visiwa hivi akiulizwa hivyo anajua anaulizwa nini. Kule maji matamu hutekwa yakishapwa: bahari ikirudi, mto unapata nafasi ya kushuka, na maji yake yanafaa. Yakijaa, bahari inaupanda mto, na unachoteka ni mchanganyiko. Kila mtoto anajua. Lakini yakipwa, kutoka kambini mpaka kwenye maji ni hatua mia za matope yanayokumeza magoti, na madebe mawili mabegani. Yakijaa, maji yanakuja yenyewe mpaka karibu na ngazi ya nyumba. Unainama, unachota, umemaliza, na suruali yako ya kaki haina doa.

"Nateka saa ya kuteka," nikasema.

Akafungua bomba la tangi, akakinga kiganja, akaonja, akatema pembeni kwa adabu. Kisha akamuuliza Mwinjuma kama bibi wa Kizungu hajalalamika kuhusu sabuni.

"Kila siku," akasema Mwinjuma. "Anasema haitoi povu. Tamimu akamwambia sabuni ya siku hizi imechakachuliwa."

Bi Mashavu akacheka mpaka lile jicho lake la ukungu likatoa machozi. Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini asisikie mpishi: "Mwanangu, miguu yako misafi kama ya bwana harusi. Mtu wa kazi yako hapa hawezi kuwa na miguu hiyo. Zima mashine yako, nikuonyeshe."

Nikazima jenereta. Tukayamwaga maji, tukangoja chuma kipoe, nikafungua kifuniko. Chuma kile kimepinda kama kibanio cha nywele, na tulipofika kambini nilikiona chembamba kama kidole. Sasa kilikuwa kinene kama muhogo, kimevaa gamba jeupe, gumu, lenye nyufa.

"Hii si chumvi," akasema, akiligusa kwa ukucha. "Huu ni ukoko wa mawe, unatangulia kabla ya chumvi. Usiupige nyundo, utakivunja. Una ukwaju?"

Mwinjuma alikuwa nao wa mchuzi. Tukauloweka wote katika maji ya moto, tukachuja, tukayatia maji yale machachu ndani ya boila mpaka chuma kikazama, kama wanawake wetu wanavyong'arisha sinia za shaba. Likaanza kutoa povu dogo dogo na mlio mdogo, kama mtu anayesema siri. Bi Mashavu akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya Mzungu, akatoa ukili wake, akasuka. Alasiri tukamwaga, mabaki nikayakwangua kwa kifuu, nikasuuza mara tatu. Chuma kikang'aa.

Kisha maji yakapwa, akaninyooshea mtoni kidevu tu. Nikavua suruali ya kaki, nikajifunga shuka, nikaingia matopeni na madebe yangu. Safari sita. Mwinjuma alihesabu kwa sauti.

Tukawasha. Nikakaa nimelipa boila mgongo, kama alivyonifundisha, nikafumba macho. Maji yakapata moto. Nikasikia kitu chembamba kama pumzi ya mtu aliyelala vizuri. Basi.

Ijumaa adhuhuri Bwana Kamba akarudi. Akaweka sikio kwenye boila, akalitoa, akaliweka tena. "Tamimu," akasema, "wewe ni fundi hasa." Kifua changu kikapanda mpaka kidevuni. Bi Mashavu alikuwepo, amekuja kuchukua pakacha lake, amekaa chini kivulini. Mwinjuma akafungua kinywa. Bi Mashavu akamtazama, mpishi akakifunga.

Ningekwenda nyumbani na sifa hiyo, na leo msingemjua huyu mama. Lakini Bwana akaongeza, "Mke wangu ametumia maji yote. Jaza tangi sasa hivi, na mimi nataka kuoga."

Nikageuka mtoni. Maji yalikuwa yamejaa, yamefika hatua tatu kutoka kwenye ngazi, yanameremeta, yananiita kwa jina. Nikichota, boila litarudi kulia na kazi ya mikono ya yule mama itakuwa imepotea bure. Nisipochota, lazima niseme kwa nini.

Nikamtazama Bi Mashavu. Alikuwa anasuka tu, macho kwenye ukili.

"Bwana," nikasema, "siwezi kujaza sasa. Haya ya kujaa ndiyo yaliyoliharibu boila. Mtekaji nilikuwa mimi, nilikimbia matope. Na aliyelitengeneza ni mama huyu. Mimi nilishika spana tu."

Bwana Kamba akawa mwekundu, nikajua safari ya Umwe imewadia. Akamgeukia Bi Mashavu. "Ni kweli?"

"Ya maji ni kweli, Bwana," akasema, hakuinua macho. "Lakini jana alizama matopeni mara sita bila kuambiwa mara mbili. Mimi ningembakiza."

Memsahibu, aliyekuwa dirishani, ndiye aliyeanza kucheka. Nadhani alikumbuka sabuni. Bwana akangoja kuoga mpaka maji yapwe, na niliyatekea matopeni, na nikayateka matopeni kila siku mpaka kambi ikavunjwa. Siku ya kuagana akaniandikia barua ya sifa kwenda Utete, kwa wakubwa wa wilaya, na kwa barua ile ndipo nilipopata mashine hii mnayonikuta nayo. Memsahibu alimpa Bi Mashavu sufuria kubwa ya shaba. Bado anayo, ila chumvi haichemshii. Anasema shaba haina sauti.

Kila kiangazi namchagulia madebe mazuri matupu ya kuwekea chumvi, napanda mtumbwi, naenda kumsalimia. Nangoja maji yapwe kwanza, ingawa mtumbwi ungenishusha mlangoni kwake yakiwa yamejaa. Namkuta amevipa vyungu mgongo. Hageuki. Ananisikia nashuka matopeni, ananyoosha mkono, anasema, "Fundi wa Serikali, hebu nionyeshe miguu."

Nainyanyua mmoja mmoja, mbele ya wajukuu zake wote, mtu mzima mwenye ndevu. Akishaiona ndipo ananikaribisha.