Uso wa Wifi Kwenye Chupa ya Asali

Chumba cha kuchujia asali kina joto, na sakafu inanata. Mama Masega amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, anabandika lebo chupa baada ya chupa. Kwenye kila lebo anatabasamu mwanamke mwenye mashavu laini. Ni wifi yake, dada wa mumewe.

"Namwona asubuhi, namwona mchana," anasema bila kuinua kichwa. "Hata mume wangu simtazami hivi."

Wifi mwenyewe amekaa mlangoni, anahesabu vifuniko. "Nibandike vizuri, wifi. Juzi ulinipinda shingo."

"Sikukupinda. Ndivyo ulivyo."

Wanawake wenzao wanaangua kicheko. Mama Masega hacheki.

Tangu wanakijiji wakabidhiwe msitu wautunze na wafaidike nao, kikundi hiki kimetundika mizinga kwenye miti ambayo zamani ingeishia kuwa mkaa. Mwanzoni waliuza asali barabarani, kwenye chupa za maji. Wapita njia waliinusa, wakaitikisa, wakauliza imetiwa sukari kiasi gani. Debe zima lilikwenda kwa bei ya chupa tano za leo. Kisha likaja duka la mjini, na lebo zake.

Siku ya kupiga picha ya lebo ile, Mama Masega alikuwa ametoka kurina asali, na nyuki walikuwa wamemuuma mdomo na kope. Wifi, aliyekuja kuwaletea chai tu, akaambiwa asimame mbele ya mizinga.

"Hajawahi kuumwa hata na mbu," anasema Mama Masega. "Nina wivu, sikatai. Nimemwomba Mungu aniondolee. Naona ombi langu liko mwisho wa foleni."

Leo mpiga picha anarudi. Duka linataka chupa kubwa yenye uso mpya, na kikundi kimemchagua Mama Masega. Ndiyo maana wiki nzima hajakanyaga mizingani. Anajipaka mafuta, analala chali, anakwepa hata moshi wa jikoni. Ikitokea dosari, wifi atasimama tena.

Chai haijachemka, mlinzi wa msitu, mdogo wa mumewe, anaingia akihema. Siafu wanapanda mti wenye mizinga miwili mikubwa.

"Wakiingia ndani nyuki watahama, shemeji. Na msimu ndio huu."

Nyuki wa mti ule ni wakali, na aliyewazoea ni Mama Masega peke yake. Wifi anaanza kujipangusa uso kwa pindo la kanga, taratibu.

Mama Masega anamwona. Anatazama chupa, anatazama mlango.

"Mungu wangu, wewe unaniona," anasema, kisha anabeba kopo la moshi na ndoo ya majivu.

Anarudi jua limepanda. Majivu yamewazuia siafu, nyuki wamebaki, na kwa rehema za Mungu hakuanguka mtini. Lakini jicho la kushoto limefumba kabisa, na mdomo wa juu umevimba kama andazi.

Mpiga picha ameshafika. Wifi amesimama penye mwanga, hereni masikioni.

"Pole, mama," anasema mpiga picha. "Basi tumtumie dada tena, au?"

"Thubutu!" Mama Masega anamsukuma wifi kwa kiwiko na kushika sega la asali. "Piga hivi hivi. Kila siku watu wanauliza kama hii ni sukari. Wakiliona jicho hili, watauliza tena?"

Mpiga picha anacheka, kisha anaacha kucheka. Anapiga, anapiga tena. Mama Masega anaitazama picha kwa jicho lake moja, kwa muda mrefu.

Wifi ananyoosha shingo aone. Safari hii yeye ndiye asiyecheka.

"Wifi," anasema kwa sauti ndogo, "kesho ukienda mizingani, nikusindikize?"

Mama Masega anatumaini chupa kubwa zitanunuliwa, kikundi kiongeze mizinga upande wa pili wa msitu. Ana ombi moja zaidi, na hili hataki likae foleni: lebo mpya zikija, kazi ya kuzibandika apewe wifi.

"Mimi nitakaa pale mlangoni, nihesabu vifuniko," anasema. "Akinipinda, namwona."