Siku ya Maji Jibondo

Siku Kitwana alipomwona Apolonia kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amesimama majini pale ufukweni Utende, viatu mkononi, akibishana na Muhidini, baharia wa boti ya Kitwana, juu ya makasha yake ya barafu. Muhidini alitaka yakae mbele ya boti. Apolonia hakutaka yapigwe na jua. Kitwana, ambaye kusema na watu wa ofisi kulimtoa jasho, alivua shati lake akayafunika. Ubishi ukaisha.

Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshazoeleka miaka ile, na watafiti walikuwa wengi, ila karibu wote walifuata samaki na kasa. Huyu alifuata watoto. Alikuwa mtu wa bara, daktari wa watoto, mwenye shahada ya uzamivu, na bado alikuwa mafunzoni, akijifunza utafiti wa dawa chini ya profesa aliyekuwa Dar es Salaam. Muhidini aliposikia hivyo alisema huyu mama atahitimu na mkongojo. Apolonia akamjibu kwamba mkongojo ameshauagiza.

Alitaka kujua ni kiasi gani cha dawa ya nimonia kinachoingia kwenye damu ya mtoto anayenyweshwa nyumbani. Kila mama alipewa chupa yenye unga wa dawa, akaonyeshwa mstari wa kujazia maji, akaenda zake. Kesho yake Apolonia alirudi kuchukua damu.

Kutulia hakukuwa kwake. Ndani ya boti alikaa, akasimama, akafungua kasha, akalifunga. Aliuliza kama watafika kabla maji hayajakupwa, na akishajibiwa aliuliza tena.

Majibu yalipokuja, damu ya watoto wa Jibondo, kisiwa kidogo ng'ambo ya Utende, ilikuwa na dawa nyingi kupita kiasi. Ya watoto wa Ndagoni, kijiji cha kisiwa kikubwa, ilikuwa sawa. Profesa akapiga simu akitaka iandikwe kwamba kipimo kipunguzwe. Apolonia aliongea naye huku akienda na kurudi ufukweni, na Kitwana, aliyekuwa akikwangua boti, alimsikia akisema kuwa kikipunguzwa kabla sababu haijajulikana, watoto watakufa huku wananyweshwa dawa. Akapewa wiki moja.

Asubuhi alimwomba Kitwana ampeleke Jibondo bila makasha, na chupa moja tu mkononi. Walikwenda kwa Mize, ambaye binti yake Biubwa alikuwa miongoni mwa watoto wa utafiti. Apolonia akamwomba aichanganye dawa kama alivyoichanganya siku ile. Mize akamimina maji, akaishia nusu ya njia, akatikisa.

"Mbona hujafika kwenye mstari?"

"Siku ile yalikuwepo hayo tu, dokta. Ya kisima yana chumvi, nitamtiliaje mtoto? Nikasema boti ya maji ikija nitajazia."

"Kwani haikuja?"

Mize alimtupia jicho Kitwana, akacheka kidogo. "Ilikuja. Si ilikuleta wewe?"

Kitwana aliona uso unamwaka. Boti iliyopeleka maji Jibondo ilikuwa hiyo hiyo yake. Kila Apolonia alipoikodi siku ya maji, mapipa yalibaki Utende, na hakuna aliyeona ajabu. Mgeni wa serikali hapangiwi safari pamoja na mapipa. Apolonia hakumlaumu. Alikuwa ameshasimama, ameshatoka uani, anabisha hodi nyumba ya pili, kisha ya tatu. Karibu kila mama alisema lile lile: maji nusu, na hivyo kijiko kile kile kikawa na dawa maradufu.

Profesa alikubali kipimo kisiguswe, ila akaifuta Jibondo katika kazi ile. Apolonia aliomba aianze upya, mapipa yapakiwe kwanza na yeye akae juu yake. Akajibiwa kuwa muda wa mafunzo umekwisha. Siku zilizobaki alizimalizia Ndagoni, akiuliza kila aliyetoka Utende kama leo maji yamekwenda Jibondo.

Kitwana ndiye aliyembebea sanduku hadi kiwanja cha ndege cha Kilindoni. Apolonia aliingia kwenye foleni, akatoka kutazama sanduku, akarudi. Abiria walipoitwa alitoka tena, akamwendea Kitwana pale alipokuwa amesimama kando ya uzio.

"Kaka Kitwana, akija dokta mwingine akataka boti siku ya maji, mkatalie. Hata nikiwa mimi."